Mwadhini Aliyeomba Angojewe

Alikuwa ameshafungwa kidevu na kutiwa pamba puani alipopiga chafya. Watu wa mtaa wetu wa Kasongo walianza hivyo kila habari iliyomhusu Mwadhini, hata zile zisizogusana na siku hiyo kwa lolote. Mgeni akiuliza nyumba ya msuka mikeka, angeelekezwa: pita mbele ya yule aliyepiga chafya, kisha kata kulia. Mwenyewe hakukataa jina hilo. Alichokataa ni kicheko kilicholifuata, kwa maana katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuona mahali pa kuchekea.

Siku hiyo mimi nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo naisimulia kama nilivyopewa. Alikuwa amemaliza adhana ya alasiri juu ya kichuguu kilichokatwa vipandio kando ya msikiti wa matofali. Akashuka kipandio kimoja, akaanguka. Walipomgeuza, uso ulikuwa umekuwa wa kijivu; walipomshika kifundo cha mkono, hawakupata kitu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa ule, na jua lilikuwa limeshainama. Kwa majirani zetu Waislamu, kumzika mtu kabla ya magharibi kama inawezekana ndiyo heshima kubwa ya mwisho anayoweza kupewa. Kidevu kikafungwa kwa kitambaa cheupe ili kinywa kisibaki wazi, maji yakaletwa na kuanza kumwagwa, pamba ikatiwa puani.

Ndipo akapiga chafya. Walioleta maji walikimbia. Mdogo wake hakukimbia; aliketi chini palepale, na ndoo ikabingirika hadi mlangoni. Mwadhini alivuta kile kitambaa kidevuni, akauliza swali ambalo halikujibiwa siku hiyo wala baadaye:

“Nani alisema mufanye upesi?”

Alikuwa amesikia. Na kila aliyekuwamo chumbani alijua kwamba aliyesema hivyo ni mdogo wake.

Sisi tuliishi nyumba ya pili kutoka kwake. Tulikuwa Wakristo, Wabangubangu wa upande wa Kabambare. Baba yangu alikuwa muuguzi wa dispanseri, na Leta, kama watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imemhamishia Kasongo. Mwanzoni mama hakupenda kulala karibu hivyo na msikiti. Baadaye aliizoea sauti ya jirani yake kiasi kwamba ndiyo iliyomwambia wakati wa kuipua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mwadhini akichelewa kidogo, mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akitazama kichuguu, na hatukuthubutu kumuuliza anaogopa nini.

Haikuwa sauti kubwa. Iliyokuwa kubwa ni nafasi aliyoiacha ndani yake. Alipofika mahali ambapo watu huitwa kwenye sala, kabla hajawaita kwenye kufaulu, alinyamaza. Kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko kile cha wenzake wote wa Kasongo. Kuku walisikika, na watu wa sokoni waliacha vipimo vya mchele hewani. Kisha sauti ilirudi, chini kidogo ya pale ilipokuwa imeachia, ikapanda. Wazee walisema namna hiyo ameipata Ujiji. Wengine walibisha, wakasema ni ya Tabora, tena ya zamani, na waliojifunza huko wamebaki wachache. Mshoni mmoja wa nguo, mtu mzima mwenye watoto, alijifunza kuadhini kwake na akakichukua kimya hicho kama kilivyo. Mfanyabiashara mmoja alikisikia, akakipeleka Kabambare, na nilipokwenda huko kumwona bibi yangu nilikikuta kimetulia msikitini kwao kama mtu aliyekwisha kupewa kiti.

Sisi watoto tulimpenda kwa sababu ya paka. Alikuwa na paka kifuani. Ukiweka kiganja kushoto, chini ya chuchu, ulihisi kitu kikitetemeka ndani, mfululizo, kama paka aliyeshiba na kulala juu ya goti la mtu. Tulipanga mstari barazani kwake, na yeye alifungua kanzu kwa uvumilivu wa mtu anayeonyesha mali ya watu.

“Paka iko?” tuliuliza.

“Iko. Ila leo imekasirika. Imekula sombe ya mama yako, haikuwa na chumvi.”

“Inaitwa nani?”

“Hapana kuiuliza jina. Ikijua jina itataka kutoka.”

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma katika kitabu cha Kifaransa kwamba mtetemo huo waganga wa Ulaya wanauita kwa jina la paka anayekoroma. Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Aliyesema kwanza ni kitu gani alikuwa daktari wa Kibelgiji aliyepita Kasongo katika ziara ya ugonjwa wa malale. Alikuwa amekuja kupapasa shingo za watu, si kusikiliza vifua. Baba alimsihi, na kwa kuwa mvua ilikuwa imefunga barabara, akakubali. Alisikiliza kwa muda mrefu. Aliagiza wanawake waliokuwa wakitwanga nje waache. Akasikiliza tena, amefumba macho, na baba aliniambia kwamba hakuwahi kuona Mzungu akimsikiliza mtu mweusi kwa muda ule bila kumkatiza. Kisha akaeleza, na baba akatafsiri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mke wa Mwadhini, nimeshika kitenge chake.

“Munganga anasema moyo ni nyumba. Iko na vyumba vya juu na vyumba vya chini. Katikati iko ukuta. Yako, ule ukuta haukujengwa wote. Ulizaliwa na tundu.”

Mwadhini alifikiri. “Basi fundi alisafiri mbele ya kumaliza?”

“Angalia ulimi wako!” mkewe akamkemea. “Ile fundi ni Mungu.”

“Simulaumu, mama. Nauliza kama atarudi.”

Daktari alitaka kujua wamesema nini. Baba alimwambia mgonjwa anashukuru.

Amri alizozitoa zilikuwa nyepesi kuzitaja: asipande kichuguu, asibebe mzigo, asilime pamba, asitoe sauti kwa nguvu. Dawa haikuwapo. Alisema pia kwamba Ulaya kuna waganga walioanza kuthubutu kufungua kifua cha mtu na kushona tundu kama hilo, lakini hilo baba hakulitafsiri. Alimwambia mama jioni ile, akivua viatu.

“Juu ya nini hukumwambia?” mama aliuliza.

“Ningemwambia, angeuliza njia ya kwenda.”

Leo nafundisha elimu ya viumbe katika shule ya wasichana, na kila mwaka huchora moyo ubaoni. Mkono wangu ukifika kwenye ukuta wa katikati husita, na wasichana hudhani nimesahau. Wakati mwingine nawaambia jambo ambalo daktari yule hakulisema, labda kwa sababu lilikuwa gumu kwa mkalimani wake. Ukuta huo hautenganishi damu peke yake. Ndani yake hupita nyuzi nyembamba zinazochukua amri ya kupiga, amri ambayo ni umeme mdogo, kutoka chumba cha juu hadi cha chini. Ukuta ukiwa na kasoro tangu tumboni, nyuzi nazo huweza kuwa na kasoro, au zikachakaa mtu anapozidi kuwa mzima. Chumba cha juu huita, cha chini hakisikii. Hungoja, kisha hujipigia chenyewe, polepole, kwa kubahatisha. Kabla hakijaamua kujipigia, mwenye moyo huanguka. Na akiisha kuanguka, moyo waweza kuendelea kwa mapigo ya mbali na dhaifu ambayo mkono usiozoea kuyatafuta hautayapata. Hivyo ndivyo mtu mzima wa akili, anayempenda ndugu yake, anavyoweza kumfunga kidevu akiwa hai.

Mwadhini aliishika amri moja kati ya zile nne. Aliacha kubeba mizigo. Kichuguu aliendelea kukipanda, akisema kwamba si yeye anayepanda, ni adhana inayompandisha. Kuhusu pamba hakuwa na hiari. Kila mwanamume alikuwa na shamba la Leta, na kapita, msimamizi aliyelikagua, alitoka upande wa Lusangi na hakuamini ugonjwa asiouona. Siku moja alimwona Mwadhini amelala kati ya mistari, akammwagia maji na kumtukana mvivu. Mwadhini alifumbua macho, akamwambia kwa heshima zote: “Bwana kapita, watu wote munawalazimisha kulima pamba. Mie peke yangu nilishalazimishwa kuivuta.” Akaonyesha pua. Kapita hakuelewa, lakini waliokuwa shambani walielewa, na nadhani ndiyo mara moja tu aliyowahi kuitumia siku ile ya chafya kuwachekesha wengine. Alirudi nyumbani, na hakula.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mpole aliyepatana na hali yake. Watu wanaokumbukwa kwa upendo huandikwa hivyo. Lakini aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo iliwachosha wote waliomzunguka. Hakulala mlango ukiwa umefungwa. Hakuvaa kanzu mpya nyeupe, kwa kuwa nguo nyeupe isiyoshonwa vizuri ilimkumbusha sanda. Alizipaka matope kidogo kabla ya kuzivaa mara ya kwanza, mkewe akazifua, wakagombana. Akisinzia mchana barazani, alimtaka mtu akae karibu na kumgusa mara kwa mara, na sisi watoto tulipewa kazi hiyo kwa zamu, tukalipwa karanga. Hakuogopa kufa. Hilo alilirudia hadi likapoteza maana. Alichoogopa ni watu wanaofanya upesi.

Kile kitambaa alichofungwa nacho kidevu alikihifadhi. Mkewe alitaka kukichoma. Mwadhini alikitumia kufunga kifuniko cha birika la udongo, lile la kunawia, kwa fundo lililokazwa sana. Wageni walioshangaa waliambiwa kwamba kifuniko kimelegea. Birika lilikaa hapo barazani, na wakati wa chakula palitokea jambo ambalo nilipokuwa mtoto nililiona kama desturi ya nyumba yao tu. Mdogo wake alikuja kula karibu kila siku. Walikula sahani moja. Mwadhini alimchagulia vipande vizuri vya samaki, akamtolea miiba. Lakini kunawa, jambo ambalo kila mahali mdogo humfanyia mkubwa, Mwadhini alijimiminia mwenyewe, au akaniita mimi, mtoto wa jirani, Mkristo. Mdogo wake alisimama kando, mikono yake ikiwa tupu.

“Yaya, nilete birika?” aliuliza kila mara, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, kama vile hajawahi kujibiwa.

“Kaa, ndugu yangu. Weye ulishanimwagia maji.”

Alilisema taratibu. Sijui kama alijua lilivyokata. Mdogo wake alikuwa ameacha kazi ya kuosha maiti tangu siku ile ya chafya; familia zilimfuata, akakataa, zikamlaumu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye mikono mizito, na aliibeba mikono hiyo kama mtu aliyeazimwa kitu akashindwa kukirudisha.

Basi Mwadhini aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba mbele ya watu, Ijumaa, baada ya sala. Aliomba angojewe. Siku atakapoanguka na kuonekana amekufa, asifungwe kidevu wala asioshwe kwanza. Mtu ainame, amsomee adhana sikioni. Yeye hakuwahi kusikia adhana asiijibu. Hata akiwa usingizini, mkewe alishuhudia, midomo yake ilijibu. Pale watu wanapoitwa kwenye sala, msikiaji harudii maneno. Husema kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Wamtazame midomo mahali hapo. Isipotikisika, wangoje adhana ya sala inayofuata, ile ya msikitini, wamtazame tena. Isipotikisika mara hiyo, wamfanyie wanalofanyiwa wafu.

Shehe wetu alikuwa mtu wa elimu na hakupenda mambo ya kuzua. Alikuja barazani kwa Mwadhini kesho yake, na kwa kuwa nilikuwa kwenye zamu ya kumgusa, nilisikia.

“Maiti haicheleweshwi,” Shehe alisema. “Weye unajua.”

“Maiti, ndiyo. Mie nasema juu ya mutu.”

“Na adhana ya sikioni ni ya mutoto muchanga. Anazaliwa, anasomewa. Haiko ya mutu anayekwenda.”

“Basi, Shehe, munisomee. Nikijibu, mutajua nimezaliwa. Nisipojibu, mutajua nimekwenda. Mutapoteza nini?”

“Tutapoteza desturi.”

“Mie nilipotea ndani ya ile desturi,” Mwadhini alisema, “na nikatoka kwa pua.”

Shehe aliinuka bila kunywa kahawa. Hakukataa, hakukubali. Mtaa uligawanyika. Wengine walisema wako tayari kumngojea hata juma zima. Wengine walisema mtu asiwawekee wafu sheria yake. Mdogo wake hakushika upande wowote. Alitazama mikono yake.

Mke wa Mwadhini alikuwa na ombi lake, na alilileta kwa baba yangu jikoni kwetu, kwa sauti ya chini. Alitaka mumewe aache kuadhini. “Kila siku anapanda kule, ananyamaza, nami nakufa,” alisema. “Wanasema kimya yake iko nzuri. Weye munganga, unajua ile kimya ni nini. Mwambie aache.”

Hapo ndipo nilipojua. Baba alikuwa amelijua siku zote: kimya kile hakikutoka Ujiji wala Tabora. Kilikuwa ni pale ambapo chumba cha chini hakikusikia. Mwadhini alifika katikati ya adhana, pumzi ikaisha, macho yakaingia giza, akashika ukingo wa matofali akingoja moyo uamue. Moyo ukiamua, aliendelea. Mji mzima ulisimama kila siku ukisikiliza mtu akikaribia kuanguka, ukakisifu kimya hicho, ukawafundisha wengine.

Baba alimwambia. Mwadhini alijibu kwamba ataacha siku mshoni atakapokuwa tayari, na kwamba mshoni bado. Alisema hivyo miaka mingi. Mtu huyu, aliyerudi sokoni kumrejeshea mama muuza ndizi ndizi moja iliyozidi, hakuwahi kumwambia mwanafunzi wake kimya kile kilikuwa nini. Nilipokuwa msichana nililiona jambo hilo kuwa udanganyifu, na lilinisumbua kuliko nilivyoweza kueleza. Sasa nina umri aliokuwa nao yeye, na bado linanisumbua, ingawa si kwa namna ileile.

Mara ya mwisho nilimwona katika likizo, katika miezi ambayo Wabelgiji walikuwa wameanza kufunga masanduku na kila mtu alizungumza juu ya uhuru. Nilikuwa nimetoka kwa masista, mbali, upande wa ziwa, nikiwa na viatu vya kamba na kichwa kilichojaa michoro ya viungo vya mwili. Baba alikuwa kwenye ziara upande wa Wamaza. Mama alinitazama nikinywa maji, akasema, “Nenda umwone babu yako wa msikitini. Ameanza kuniuliza habari yako kila siku.”

Alikuwa barazani, ameketi, mgongo ukutani. Kulala chali alishindwa. Miguu ilikuwa imevimba, na kila alipovuta pumzi mishipa ya shingo iliinuka. Kichuguu kilikuwa cha mshoni sasa. Mdogo wake aliketi hatua chache kutoka kwake, na mkewe alikuwa akichambua mchele.

“Mujukuu,” aliniambia. “Umekuwa muzungu. Wanakufundisha nini kule?”

“Moyo, babu.”

“Haya, weka mukono. Uniambie kama wanafundisha vizuri.”

Niliweka kiganja. Paka alikuwapo, ila alikuwa mbali, na chini yake mapigo yalikuja moja moja, kila moja likionekana kuwa la mwisho hadi lilipofuata jingine. Nilijua nilichokishika. Nilikiacha kiganja palepale.

“Iko?” aliuliza.

“Iko.”

“Imezeeka. Haitaki hata sombe.”

Mshoni akaanza adhana ya alasiri. Mwadhini alifumba macho, midomo yake ikafuata neno kwa neno. Mshoni aliwaita watu kwenye sala, akanyamaza, kimya kirefu, kizuri, cha mtu mwenye kifua kizima. Mwadhini akafumbua macho kama aliyechomwa.

“Musikie huyu. Juu ya nini anasimama?”

“Anakufuata weye, yaya,” mdogo wake alisema.

“Mie nilisimama kwa sababu nilikuwa ninakufa.”

Mkewe aliacha mchele. Ndiyo mara ya kwanza siri ya kimya kile kusemwa wazi katika nyumba ile.

“Basi mwambie,” mkewe alisema. “Mwambie aache.”

“Nitamwambia nini? Anaipenda. Watu wa Kabambare wanaipenda. Nikisema ni ugonjwa, nitakuwa nimewaambukiza wote.” Alivuta pumzi, akangoja. “Waache. Kwao iko nzima.”

Kisha aliomba maji ili atawadhe. Niliinuka kulichukua birika, kama nilivyozoea tangu utotoni. Akanizuia kwa kidole.

“Leo weye umimine,” alimwambia mdogo wake.

Mdogo wake hakuinuka mara moja. Alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeambiwa. Akaja, akapiga magoti, akashika birika kwa mikono yote miwili, akaliinamisha mno hadi kile kitambaa kilichofunga kifuniko kikalowa. Maji yalimwagika zaidi sakafuni kuliko mikononi.

“Polepole,” Mwadhini alisema. “Hakuna anayetukimbiza.”

Alinawa uso. Alinawa mkono wa kulia hadi kiwiko. Alinyoosha wa kushoto, na mkono ukashuka kabla maji hayajaufikia.

Tulimlaza. Nilifungua kanzu, nikaweka kiganja, nikaweka sikio. Nilitafuta shingoni, mahali ambapo masista walitufundisha kutafuta. Mdogo wake alikuwa ameniinamia hadi nikahisi joto la uso wake.

“Mama, paka iko?” aliniuliza.

“Haiko.”

Nilijua. Nasema hili kwa sababu niliyekuwa na elimu pale nilikuwa mimi, na elimu hiyo iliniambia wazi kwamba safari hii hakuna mapigo ya mbali yaliyojificha. Lakini mdogo wake alikuwa ameshapiga magoti upande wa kulia, ameweka kinywa kwenye sikio la kaka yake, na anaadhini kwa sauti ndogo, nzito, ya mtu asiyezoea. Alipofika kwenye wito wa sala alinyamaza, kimya kilekile cha kaka yake, na sote tukatazama midomo. Haikutikisika. Akamaliza. Akaanza upya.

Watu walikusanyika uani. Shehe alikuja, akaketi juu ya mkeka. Kivuli cha nyumba kilivuka njia na kuanza kupanda ukuta wa pili. Mwanamume mmoja, mtu mwema, ambaye nadhani aliwaza tu juu ya wachimbaji wa kaburi, alisema kutoka nyuma:

“Jua linaondoka.”

Mdogo wake aliinua kichwa. “Liondoke,” alisema.

Nilimtazama Shehe, nikingoja aseme kwamba maiti haicheleweshwi. Shehe alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Tuliliacha jua likaondoka.

Ilipofika magharibi, mshoni alipanda kichuguu. Alikuwa analia, sauti ilisikika imepasuka, lakini alitamka kila neno. Aliwaita watu kwenye sala, kisha akanyamaza. Sijawahi kukaa ndani ya kimya kama kile. Uani kulikuwa na watu wengi, na wote, Waislamu na sisi, tulikuwa tunatazama midomo ya mtu mmoja, tukimngojea kama alivyoomba. Mshoni akaendelea. Shehe ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, akimjibia: hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu.

Ndipo mdogo wake alipolivuta birika. Alihangaika na lile fundo la zamani, lililokazwa kwa miaka, hadi likafunguka. Akakikung'uta kile kitambaa, akakilaza chini ya kidevu cha kaka yake, akakifunga juu ya kichwa. Shehe aliinama kutazama, akasema kwa upole kwamba fundo limelegea, kidevu kitafunguka. Mdogo wake alisema anajua. Hakulikaza.